Jinsi ya kuomba hati kwa njia ya urasimishaji wa makazi bila kuupoteza uwanja wa mtaa

Mtu anayeishi katika eneo lisilopimwa, iwe Dar es Salaam, Mwanza, Mbeya au mji mwingine wowote wa Tanzania, kwa kawaida huianza safari ya kutafuta hati akiwa na swali moja: kiwanja changu kitapimwa lini? Swali hilo ni halali, lakini linatanguliwa na jingine ambalo wengi hawaliulizi hadi muda umepita. Hati ya kiwanja kimoja haitoki peke yake. Hutokana na mchoro wa mipangomiji wa eneo zima, na mchoro huo ndio unaoamua njia itapita wapi, maji ya mvua yatatokea wapi, gari la wagonjwa litaingilia wapi, na kama watoto watabakiziwa hata kipande kimoja cha kuchezea chini ya mwembe. Kwa sababu hiyo nitaeleza hatua zote za kuomba, lakini nitakaa zaidi kwenye hatua ya mchoro, kwa kuwa hapo ndipo mtaa hupoteza kisichorudi.

Unaomba nini hasa

Kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999, ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, na Rais ni mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Anachopewa mwombaji ni haki ya kumiliki na kutumia kipande cha ardhi kwa muda usiozidi miaka 99, kwa masharti yaliyoandikwa ndani ya hati yenyewe. Sheria hiyohiyo inatambua pia leseni ya makazi, ambayo hutolewa kwa mtu aliyekwisha kujenga na kuishi katika eneo la mjini ambalo halijapangwa wala kupimwa. Leseni ni kinga nzuri, lakini ni ya muda mfupi na sharti ihuishwe. Nimewafahamu watu walioifungia kabatini wakiamini kwamba wamemaliza kazi, kumbe muda wake ulikuwa umekwisha siku nyingi. Anayetaka hati katika eneo la aina hiyo hupitia urasimishaji, yaani eneo lililojengwa bila mpango hupangwa, hupimwa na kumilikishwa kwa wakazi wake kadiri inavyowezekana bila kuwabomolea. Umiliki huu ni wa raia. Asiye raia ana utaratibu wake tofauti, unaohusu uwekezaji.

Si kila mahali panarasimishika. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ufukwe wa bahari au ziwa, na mabwawa. Nyumba iliyo bondeni, iliyo ndani ya hifadhi ya barabara au reli, au iliyojengwa juu ya eneo ambalo mpango uliopo umelitenga kwa shule au soko, haitapata hati kwa njia hii hata kama mwenyewe amechanga kila alichoambiwa. Kwa hiyo kazi ya kwanza kabisa ni kwenda kwa afisa mipangomiji wa halmashauri na kuuliza kama mtaa wako umewahi kuchorewa mpango wowote, na kama upo, nyumba yako imeangukia matumizi gani. Uliza kabla hujatoa shilingi.

Mkutano, kamati na fedha

Urasimishaji hauombwi na mtu mmoja mmoja, huombwa na wakazi kwa pamoja. Mwenyekiti wa serikali ya mtaa huitisha mkutano wa hadhara, wakazi hueleza nia yao, muhtasari huandikwa na kusainiwa pamoja na orodha ya mahudhurio, kisha mtendaji wa mtaa huupeleka halmashauri kupitia kata. Katika mkutano huo, au unaoufuata, huchaguliwa kamati ya urasimishaji. Msichague watu kwa sauti zao. Chagueni mzee anayeijua mipaka ya zamani, mwanamke anayejua maji hupita wapi masika, kijana anayeweza kusoma ramani, na angalau mpangaji mmoja, kwa sababu wapangaji ndio wengi katika mitaa yetu na ndio wasioulizwa.

Kazi ya kupanga na kupima inaweza kufanywa na wataalamu wa halmashauri au na kampuni binafsi iliyosajiliwa. Ikiwa ni kampuni, halmashauri iithibitishe kwa maandishi, mkataba usainiwe, na malipo yafungwe na hatua za kazi: sehemu fulani mchoro ukishaidhinishwa, nyingine ramani ya upimaji ikishaidhinishwa. Michango iingie benki katika akaunti inayofahamika, na kila mchangiaji apewe stakabadhi yenye jina lake na kiasi alicholipa. Nasisitiza jambo hili kwa uchungu. Katika mtaa niliowahi kuishi, fedha zilikusanywa mkononi mlango kwa mlango, wapimaji wakaonekana kwa wiki chache, kisha wakatoweka, na wajane waliouza kuku ili wachange hawakuwa na hata kikaratasi cha kuonyesha polisi.

Karatasi zako binafsi

Wakati kamati inaendelea na yake, kila mkazi aandae nyaraka zake. Zinazohitajika kwa kawaida ni uthibitisho wa jinsi ulivyopata eneo, kama vile hati ya mauziano, wosia au barua ya mgawanyo wa familia, pamoja na barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa, namba au kitambulisho cha taifa kinachotolewa na NIDA, na picha ndogo. Penye matatizo zaidi ni nyumba za marehemu. Hati haiandikwi kwa jina la aliyekwisha kufariki. Sharti familia ifungue mirathi mahakamani, msimamizi ateuliwe, na barua ya usimamizi ndiyo itumike. Jambo hili huchukua muda, kwa hiyo lianzeni mapema, hata kabla wapimaji hawajafika. Wanandoa nao waamue mapema kuandikisha majina yote mawili, kwani Sheria ya Ardhi inalinda haki ya mwenzi katika ardhi iliyopatikana kwa ajili ya kuishi pamoja, na majina mawili ndani ya hati huepusha kesi ambayo jina moja huialika.

Kisha hufuata utambuzi. Wataalamu hupita nyumba kwa nyumba pamoja na kamati, mwenye eneo huonyesha mipaka yake mbele ya majirani wa pande zote, na majirani husaini. Uwepo siku hiyo, au umwachie mtu mzima anayeijua mipaka. Mgogoro ukijitokeza, usuluhishwe hapohapo ikiwezekana, kwa sababu kiwanja chenye mgogoro hurukwa na wengine huendelea.

Mchoro wa mipangomiji

Sasa tumefika penye uzito. Baada ya utambuzi, afisa mipangomiji huchora mpango unaoonyesha kila kiwanja na matumizi yake: makazi, biashara, barabara, njia za miguu, huduma za jamii na maeneo ya wazi. Rasimu hiyo huletwa kwa wakazi ili waione na watoe maoni. Nenda ukaione. Nimehudhuria mkutano wa namna hii ambapo kila mtu alisogea ubaoni, akatafuta paa lake, akaliona, akaondoka ameridhika, na hakuna aliyeuliza kwa nini uwanja ambao vijana walikuwa wakichezea mpira miaka yote ulikuwa umegawanywa viwanja sita.

Jibu lake, tulipouliza baadaye, lilikuwa rahisi. Katika maeneo yasiyopimwa hakuna ardhi isiyo na mwenyewe. Uwanja tunaouita wa mtaa mara nyingi ni sehemu ya shamba la mzee fulani ambayo bado hajaiuza, na mchoraji anapoambiwa kwamba ni mali ya mtu, huichora kama viwanja vya mtu huyo. Kwa hiyo wakazi wanaotaka eneo la wazi libaki wazi wana kazi ya kufanya kabla ya rasimu, si baada yake. Wakae na mwenye eneo, wamsikilize, na waafikiane kwa njia mojawapo: wachange walinunue kwa niaba ya mtaa, au yeye atoe sehemu na kubakiza viwanja vyenye barabara nzuri, ambavyo thamani yake hupanda kwa sababu hiyo, au halmashauri iombwe kulitwaa na kulipa fidia, njia ambayo ni ndefu kuliko zote. Makubaliano yoyote yaandikwe, yasainiwe na familia ya mwenye eneo, na yaambatishwe kwenye muhtasari wa mkutano.

Wakazi wa Ubungo Darajani, Dar es Salaam, walikuwa miongoni mwa wa mwanzo kushiriki kujipangia mtaa wao kwa utaratibu huu, mwanzoni mwa miaka ya 2000, na somo kubwa linalotokana na kazi za aina hiyo ni kwamba barabara na maeneo ya umma hupatikana kwa wakazi kukubali kumega viwanja vyao. Kwa kawaida ardhi inayotolewa kwa njia ndani ya urasimishaji hailipwi fidia. Mwenye kiwanja huona kama amepunjwa mita mbili. Ni vyema aelezwe kwa upole na mapema kwamba nyumba isiyofikiwa na gari ni nyumba ambayo zimamoto haitaifikia pia.

Yapo maeneo mengine ya kijani ambayo hayamgharimu mtu, ila husahaulika. Ule ukanda wa mita 60 kando ya mto, ambao hakuna anayeruhusiwa kujenga, uchorwe waziwazi kuwa eneo la miti na hifadhi ya mkondo, usiachwe kama sehemu tupu kwenye ramani, maana palipo tupu ndipo atakapoingia mvamizi mwenye matofali. Kadhalika vijia vya maji ya mvua vichorwe kama mifereji yenye upana wake. Kuhusu uwanja wa shule ya msingi, hakikisheni mipaka yake imechorwa kama ilivyo uwandani na kwamba hakuna kiwanja kilichoumega.

Maoni ya mdomo mkutanini hayatoshi. Andikeni barua kwa mkurugenzi wa halmashauri, nakala kwa mtendaji wa kata, mkitaja eneo linalohusika kwa alama zinazoonekana, sababu zenu, na pendekezo lenu. Ambatisheni majina na saini, kisha mbaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa pamoja na tarehe. Barua yenye muhuri ina uzito hata baada ya afisa aliyeipokea kuhamishwa. Fanyeni hivyo kabla halmashauri haijaupitisha mchoro na kuupeleka ngazi ya juu kwa idhini, kwa kuwa kubadili matumizi ya eneo baada ya idhini ni utaratibu mwingine kabisa, wenye tangazo na kibali chake, na huchosha.

Upimaji na maombi ya hati

Mchoro ukishaidhinishwa, wapimaji hurudi na kuweka mawe ya mipaka, ambayo wengi huyaita bikoni, na ramani ya upimaji huidhinishwa. Usiling'oe jiwe wala kulifukia wakati wa kujenga uzio. Hapo ndipo kila mkazi hujaza fomu ya maombi ya kumilikishwa katika ofisi ya ardhi ya halmashauri, akiambatisha nyaraka zake, naye hupewa ankara yenye kumbukumbu namba ya malipo ya serikali. Lipa kwa namba hiyo tu, benki au kwa simu. Usimpe mtumishi fedha taslimu hata akiwa jirani yako. Soma rasimu ya hati kabla ya kusaini: tahajia ya majina ilingane na kitambulisho, namba ya kiwanja na kitalu vilingane na ramani, na ukubwa ulingane na ulioonyeshwa uwandani. Baada ya kusainiwa na kusajiliwa kwa Msajili wa Hati, utaitwa kuchukua hati yako, na tangu hapo utalipa kodi ya pango la ardhi kila mwaka.

Kukitokea mgogoro wa mpaka au umiliki katika hatua yoyote, pa kuanzia ni baraza la kata, ambalo tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 halitoi hukumu bali hupatanisha. Likishindwa kuwapatanisha, shauri linaweza kupelekwa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya likiwa na uthibitisho kwamba usuluhishi umeshindikana, na siku 30 zikipita bila suluhu, linaweza kupelekwa hata bila uthibitisho huo.

Kazi moja ya kamati hubaki baada ya hati za watu kutoka, na mara nyingi haifanywi kwa sababu kila mtu amekwisha kupata chake. Uwanja, ukanda wa miti na njia navyo vimepewa namba kwenye ramani ya upimaji. Kamati ichukue nakala ya ramani iliyoidhinishwa, iibandike ofisi ya serikali ya mtaa, iiombe halmashauri kwa barua isimamie maeneo hayo kwa niaba ya wakazi, na iweke kibao chenye namba ya kiwanja na maneno yanayosema kuwa ni eneo la wazi la umma. Kila viongozi wapya wa mtaa wanapochaguliwa, wakabidhiwe nakala hiyo mkutanini, mbele ya watu, na makabidhiano hayo yaandikwe kwenye muhtasari.