SOMO: Kumpata fundi vitasa wa kuaminika Dar, kabla hujafungiwa nje

Wakuu, salaam. Kila wiki kuna mtu ananitumia ujumbe saa nne usiku: "Nimepoteza funguo, nipe namba ya fundi vitasa." Nimejibu mpaka vidole vimechoka. Leo naandika mara moja; atakayeuliza tena nitamrudisha hapa.

Mimi si fundi wala sina duka. Nina nyumba ya vyumba sita Sinza, na kila mpangaji akihama nabadilisha kitasa, hivyo mafundi nimewaona wa kila aina.

HATUA YA 1. Mtafute leo, funguo zikiwa bado mfukoni. Usiku wa manane huchagui, unamchukua aliyepokea simu.

HATUA YA 2. Anzia duka la vifaa vya ujenzi la mtaani kwako, achana na namba zilizopakwa rangi kwenye nguzo za umeme. Mwenye duka anajua ni fundi gani kazi zake zinarudi. Ukishapata jina, pita kwa mjumbe au ofisi ya serikali ya mtaa uulize anakaa wapi na amekaa muda gani. Fundi ambaye mama yake anauza maandazi mtaa wa pili atafikiria mara mbili kabla ya kukuchezea.

HATUA YA 3. Leseni. Fundi mwenye kibanda au duka awe na leseni ya biashara ya halmashauri ya eneo lake na TIN ya TRA. Soma jina, mahali pa biashara na tarehe ya kuisha. Kama leseni inasema Temeke na yeye yuko Ubungo, muulize. Lakini tuelewane: hiyo ni leseni ya kufanya biashara, kama ya muuza viatu. Hakuna aliyempima ujuzi wa vitasa wala kumkagua tabia. Akiwa na cheti cha VETA cha useremala, vizuri, angalau mlango wako hatautoboa vibaya. Faida kubwa ya leseni ni kwamba mambo yakiharibika kuna jina na mahali pa kuanzia.

HATUA YA 4. Bei kabla ya drili. Mtumie picha ya mlango, siyo ya ufunguo. Uliza bei tatu: kufungua bila kuharibu, kufungua kwa kutoboa, na kufunga kitasa kipya. Anayekimbilia drili kabla hata hajagusa kitasa, mshukuru aende zake.

HATUA YA 5. Funguo zihesabu wewe. Hapa ndipo nilipoumia, kwa hiyo someni taratibu.

Mwaka 2021 nilimwita fundi niliyeelekezwa na jirani. Mpole, anaongea kwa adabu, risiti anayo. Nilimpa hela akanunue silinda (kile kiini cha kitasa kinachoingia ufunguo) mwenyewe maana nilikuwa na haraka. Akarudi nayo mkononi bila boksi, akasema boksi limelowa mvua kalitupa. Akafunga, akanipa funguo tatu, tukaagana. Wiki ya tatu mpangaji wangu anarudi kazini, anakuta mlango umefungwa vizuri kabisa, hata mkwaruzo hauna. Ndani hamna televisheni wala mtungi wa gesi. Polisi waliuliza swali moja tu: nani wana funguo? Kesho yake nikaenda dukani nikaomba silinda kama ile. Muuzaji akaweka boksi mezani, ndani kuna kifuko cha nailoni kimezibwa, na ndani ya kifuko funguo tano.

Sina ushahidi kuwa ni yeye, na simtaji. Mtungi nililipa mimi, na televisheni tulichangia nusu kwa nusu na mpangaji.

Kwa hiyo:
– Kitasa au silinda nunua mwenyewe. Boksi lifunguliwe na wewe, mlangoni, fundi akiona.
– Linganisha idadi ya funguo na iliyoandikwa kwenye boksi. Upungufu wa mmoja tu, rudisha.
– Usiende kumchemshia chai. Kaa hapo mpaka amalize.
– Ukienda kuchonga ufunguo Kariakoo au popote, simama uone mashine. Ufunguo ukikandamizwa kwenye kipande cha sabuni, nakala imepatikana, na hilo ni jambo la dakika moja. Na fundi akikuuliza "unakaa wapi bosi?", jibu "mbali".

HATUA YA 6. Jaribu kila ufunguo mlango ukiwa wazi, ndipo ufunge.

HATUA YA 7. Dai risiti.

Maswali karibuni.

Mpangaji_Kimara: Mkuu asante kwa somo zuri. Naomba namba ya fundi mzuri maeneo ya Kimara.

Jibu: Hujasoma. Hatua ya 2.

Bosi Kijana: Kuchonga ufunguo kama huu ni shilingi ngapi? Nimeweka picha.

Jibu: Futa hiyo picha kwanza, tena sasa hivi. Meno yote yanaonekana. Fundi mzuri anaweza kuchonga kwa kuangalia tu. Na jina la mtaa wako umeliandika kwenye wasifu. Ukishafuta ndipo tuongee bei.

Bosi Kijana: Nimefuta. Mbona mkali hivyo?

Jibu: Nilinunua mtungi wa gesi ambao siutumii.

Bi Mkubwa wa Tandika: Mwanangu, hivi silinda mtu anaweza kubadilisha mwenyewe? Nilijaribu, skrubu nimetoa lakini yenyewe haitoki.

Jibu: Shikamoo Bi Mkubwa. Unaweza kabisa, na unakwepa hatua zote hizo za fundi. Skrubu uliyotoa ni ile ndefu ya ubavuni mwa mlango, sivyo? Sasa katikati ya silinda kuna kijino kinachosukuma ulimi wa kitasa. Ufunguo usipokuwemo, kijino kimelala pembeni kinazuia. Ingiza ufunguo, uzungushe kidogo sana huku ukivuta silinda kwako. Kijino kikilingana na mwili wa silinda, inateleza yenyewe. Kabla ya kununua mpya, nenda na ya zamani dukani wapime urefu kutoka tundu la skrubu kwenda kila upande, maana pande mbili mara nyingine hazilingani.

Fundi Randa: Mimi ni fundi. Mnatuchafua wote kwa kosa la mmoja.

Jibu: Sijasema wote. Nimesema funguo zihesabiwe. Fundi mwaminifu anapungukiwa nini?

Fundi Randa: Hapungukiwi. Ila umesahau kitu. Mtu akinipigia nimfungulie mlango, namwambia mlete mjumbe au jirani athibitishe ni kwako. Wengine wananitukana, wanapiga kwa fundi mwingine anayefungua bila swali.

Jibu: Hilo kweli nimelisahau, naliingiza Hatua ya 2. Asiyeuliza nyumba ni ya nani atamfungulia na mwizi. Samahani fundi.

Mbongo Brooklyn: Huku New York fundi vitasa lazima awe na leseni ya jiji, na wanachukua alama za vidole. Lakini matapeli wapo vilevile: kwenye simu anakutajia bei ya chee, akifika anasema kitasa chako ni kigumu, anatoboa, bili inapaa.

Jibu: Kumbe drili ni lugha ya dunia. Ukimwita, unaiangalia leseni kabla hajaanza?

Mbongo Brooklyn: Namwambia anionyeshe kadi mlangoni. Wengine wanageuza gari hapohapo.

Kigamboni Upepo: Mimi kitasa kinakwama kila baada ya miezi michache. Naweka mafuta ya kula, kinalainika kisha kinakuwa kibaya zaidi.

Jibu: Mafuta ya kula yanaganda na kukusanya vumbi, na huko kwenu kuna chumvi ya bahari juu yake. Chukua penseli ya kawaida, paka risasi yake kwenye meno ya ufunguo, ingiza na kutoa mara kumi. Rudia.

Bi Mkubwa wa Tandika: Silinda imetoka! Ila ile skrubu ina kutu, nusu imeliwa.

Jibu: Usiirudishe, itakatikia ndani. Mpya inakuja na skrubu yake ndani ya boksi, na skrubu hiyo ikiwa ndefu kupita kiasi kwa mlango wako mwambie mwenye duka aikate palepale.