Kisado kizima: kupima na kuuza kwa haki kwenye masoko ya Kigoma

Mkristo anayeuza dagaa Kibirizi au mawese Mwanga hukutana na Neno la Mungu mara nyingi zaidi kwenye mizani kuliko kwenye benchi la kanisa. Biblia imelisema jambo hili waziwazi na kwa kurudia. Walawi 19:35-36 inataka mizani ya haki, mawe ya haki, efa ya haki na hini ya haki. Mithali 11:1 inasema, "Mizani ya hadaa ni chukizo kwa BWANA." Neno hilo chukizo ndilo Torati inalolitumia pia kwa ibada ya sanamu, kwa hiyo tusilichukulie kama kosa dogo la biashara.

Efa kilikuwa kipimo cha nafaka, na wengi hukikadiria kuwa lita 22 hivi, yaani debe moja na ziada kidogo; hini kilikuwa kipimo cha vitu vya majimaji kama mafuta. Mawe yalikuwa mawe kweli, yaliyobebwa mfukoni. Sokoni kwetu vyuma vya mizani bado tunaviita mawe, kwa hiyo Kumbukumbu la Torati 25:13 haihitaji mfasiri: usiwe na jiwe kubwa na jiwe dogo. Kubwa ni la kununulia, dogo ni la kuuzia.

Anzia hapo hapo. Ukienda Kasulu kununua mahindi au maharage kwa ndoo, kisha ukaja kuyauza mjini kwa ndoo, weka ndoo hizo mbili pamoja, jaza moja maji hadi ukingoni na uyamimine kwenye nyingine. Yakimwagika au yakipelea, una mawe mawili mfukoni, hata kama hukuyatafuta wewe na uliyakuta kwa bosi wako. Ndoo moja itumike kununua na kuuza. Faida yako itokane na bei, safari na kazi, isitokane na ukubwa wa plastiki. Lumbesa ni kosa lile lile likiwa limevaa gunia: mkulima analipwa gunia moja, wewe unaondoka na gunia na kichwa chake. Hata sheria ya nchi haitaki mazao yafungwe kupita kilo 100 kwa gunia.

Kukagua kisado

Kisado, kile kindoo kidogo cha kupimia sokoni, huharibika kwa njia tatu. Kitako husukumwa ndani kwa moto, ubavu hubonyea, au ukingo hukatwa. Kutazama kwa macho hakutoshi, kwa sababu kitako kilichopanda sentimita mbili hakionekani kikiwa na dagaa ndani. Chukua chupa ya maji ya nusu lita yenye alama ya kiwanda. Kisado cha lita 4 lazima kimeze chupa 8 hadi ukingoni. Kikimeza 7, umempunja mteja nusu lita kila unapopima, na hicho ni kisado kimoja katika kila visado vinane. Kitupe. Usimpe jirani, maana utakuwa umehamisha dhambi tu.

Namna ya kujaza nayo ina hila zake. Dagaa wakavu hukaa kwa nafasi: ukiwamwaga kwa kasi wanasimama wima na kuacha mashimo, ukikitikisa kisado wanashuka. Ndiyo maana Yesu alipotaja "kipimo cha kujaa na kushindiliwa, na kusukwa-sukwa hata kumwagika" katika Luka 6:38, kila aliyewahi kununua nafaka alimwelewa. (Pale anazungumzia kuhukumu, kusamehe na kutoa. Si ahadi kwamba ukimtikisia mteja mmoja kisado utauza gunia zima kesho. Wanaolihubiri hivyo wameuruka mstari wa 37.) Kanuni ya kufuata: mimina, tikisa mara mbili, jaza tena hadi kilele, mteja akitazama. Usishindilie kwa ngumi, dagaa watavunjika na hasara itakuwa ya mnunuzi. Vidole vibaki nje ya kisado. Wapo wanaokishika kwa ndani, na mkono mzima unauzwa kama dagaa.

Kukagua mizani

Mizani ya mikono miwili huangaliwa hivi. Kwanza iache tupu: sahani zote zilingane. Pangusa vumbi, chumvi na mafuta, kwa kuwa uchafu ulioganda chini ya sahani moja ni gramu za kila siku. Pili, weka jiwe la kilo upande wa kushoto na mzigo upande wa kulia mpaka vilingane, kisha vibadilishane nafasi. Vikiacha kulingana, mkono mmoja ni mrefu kuliko mwingine, na mizani hiyo itadanganya hata kwa mawe halali.

Mizani ya saa ya kuning'iniza ina springi, na springi huchoka. Mshale uanze kwenye sifuri ndoana ikiwa tupu. Ning'iniza pakiti 1 ya sukari ya kilo kutoka kiwandani, kisha 5, kisha 10. Springi iliyochoka inaweza kusoma kilo 1 vizuri na kukosea kwenye 10, kwa hiyo usiridhike na pakiti moja. Beseni au mfuko wa kupimia upimwe ukiwa mtupu, na uzito wake utolewe kila mara. Anayesahau beseni la gramu 300 kwenye kila kilo 3 anamuuzia mteja plastiki asilimia 10.

Kipimo hiki cha nyumbani hakichukui nafasi ya Wakala wa Vipimo. Mizani ya biashara inatakiwa kuhakikiwa na kupigwa chapa kila mwaka, na Mkristo hangoji afisa aonekane getini ndipo aitoe ile nzuri chini ya meza.

Dagaa na mawese

Kipimo kizima chenye mali ya hila bado ni hadaa. Amosi 8:5-6 inawashutumu waliopunguza efa, wakaongeza shekeli (jiwe la kupimia fedha ya malipo), na juu yake wakauza takataka za ngano. Takataka za ngano za kwetu ni mchanga. Dagaa waliokaushwa ufukweni hushika mchanga, na mchanga ni mzito. Waanike kwenye vichanja vya wavu. Kama walikwisha kuanikwa chini, wachekeche kabla ya kupima, kisha tia konzi moja kwenye bakuli la maji meupe uone kinachotua chini. Ukavu nao upimwe: dagaa mkavu huvunjika kwa mlio, aliyepata unyevu hupinda. Kuuza waliopinda kwa kilo ni kuuza maji, na mnunuzi anayewasafirisha kwa treni hadi Tabora au Dar es Salaam atafungua gunia lenye ukungu. Walionyeshewa waweke fungu lao na bei yao, useme, "Hawa walinyeshewa." Kuwaficha katikati ya gunia na kupamba juu kwa wazuri hakuna jina jingine zaidi ya uongo.

Mawese hutiwa maji, au hubaki na maji ya kuchemshia. Yaache kwenye chupa ya kioo usiku mmoja mahali pa joto, maji na tope vitakaa chini. Au chemsha vijiko viwili kwenye sufuria kavu: yakirukaruka na kupasuka, yana maji. Dumu nalo likague, maana la lita 20 lililowahi kutiwa kitu cha moto hujikunja na kupungua. Pia fahamu kwamba mafuta ni mepesi kuliko maji: lita 20 za mawese zina uzito wa kilo 18 hivi. Anayenunua kwa lita na kuuza kwa kilo, au kinyume chake, akubaliane na mwenzake kabla ya kupakia. Ugomvi mwingi wa "umeniibia kilo mbili" unatoka hapa, na hakuna aliyeiba.

Bei, na swali la jirani

Biblia haikuweka asilimia ya faida. Kupandisha bei siku za mwezi mpevu, wakati mitumbwi haivui kwa sababu taa hazishindi mbalamwezi, si dhambi yenyewe, kwa kuwa nawe umenunua ghali mwaloni, mitumbwi inakoshusha samaki. Mithali 11:26 inamlenga mwingine: anayezuia nafaka watu wakiwa na njaa ili bei ipae. Jiulize kama bei imepanda kwa sababu mali haipo, au mali haipo kwa sababu wewe umeifungia stoo. Mnunuzi pia ana andiko lake, Mithali 20:14, kuhusu anayeponda bidhaa mbele ya muuzaji halafu akaenda kujisifu.

Swali gumu zaidi ni hili: wenzangu wote wana visado vilivyobonyea, nikiweka kizima si nitaonekana ghali? Utaonekana, usipopiga hesabu mbele ya mteja. Tuseme jirani anauza kisado cha 3,500 ambacho kwa kweli ni lita 3.2. Lita moja kwake ni shilingi 1,094 hivi. Wewe unauza lita 4 kwa 4,000, lita ni 1,000. Wewe ndiye rahisi. Weka chupa ya nusu lita kando ya meza, mwambie, "Mama, pima mwenyewe." Usimtaje jirani kwa jina, hesabu itamtaja. Wiki za kwanza utapoteza wanaotazama bei tu. Mama ntilie, anayejua dagaa wa kisado kimoja wanatoa sahani ngapi, ndiye huwa wa kwanza kurudi.

Wapakiaji na akina mama wanaoanika dagaa walipwe jioni ile ile, kama Kumbukumbu la Torati 24:15 inavyotaka. "Njoo kesho" kwa mtu anayeishi kwa kutwa ni kisado kilichobonyea cha aina nyingine.

Kurudisha

Ukigundua mizani yako ilikuwa inapunja, toba ina hesabu. Walawi 6:5 inataka kurudisha kamili na kuongeza sehemu ya tano. Zakayo, mtoza ushuru wa Luka 19:8, ambaye hakulazimishwa, alisema atarudisha mara nne. Mkristo hafungwi na sheria ile kama deni la sadaka ya hatia, lakini sehemu ya tano ni mwongozo mzuri kwa anayeuliza aanzie wapi. Mfano: mteja wa jumla alinunua kilo 30 kwa mizani iliyokula asilimia 10. Alipata 27. Unadaiwa 3, na sehemu ya tano yake ni gramu 600, basi mpelekee kilo 3.6. Mpelekee dagaa wa daraja lile lile, au fedha kwa bei ya leo kama imepanda. Mweleze kwa sentensi moja: "Mizani yangu ilikuwa mbovu, hiki ni chako." Usipambe.

Wateja wa rejareja usiowakumbuka hutawapata. Kadiria kiasi, ukosee kwa kujipunja, uwape maskini wa mtaa ule ule uliowauzia. Usianze kwa kukipeleka chote kwenye kapu la sadaka ili moyo utulie, wakati mdai unayemjua anapita barabarani kila siku. Mathayo 5:23-24 inakuambia uiache sadaka madhabahuni uende kwake kwanza.

Na wakati wa mavuno, washirika wanapoleta mahindi na maharage na kanisa likayauza mnadani, mhazini akikague kisado cha kanisa kwa chupa zile zile 8. Hicho hukaa stoo mwaka mzima, hubonyezwa na viti, na hakuna anayethubutu kukitilia shaka.