Somo la pikoboli kwa anayeanza: tuanzie jikoni

Wengi wetu tuliohamia jimbo la Washington tumepita kando ya viwanja hivi mara nyingi bila kuingia. Mlio wa kibao na mpira wa plastiki unausikia tangu barabarani, na bango getini limeandikwa Pickleball, yaani pikoboli, mchezo wa kurushiana mpira juu ya wavu kwa vibao vya mkononi. Ingieni. Huu ni mchezo wa hapa hapa: ulizaliwa mwaka 1965 katika kisiwa cha Bainbridge, ng'ambo ya maji kutoka Seattle. Joel Pritchard na rafiki yake Bill Bell walikuta familia zimekaa tu nyumbani bila la kufanya. Kiwanja cha mpira wa vinyoya (badminton) kilikuwepo, vifaa havikutimia, wakaokoteza vibao na mpira wa plastiki wenye matundu. Jirani yao Barney McCallum akashirikiana nao kutunga sheria. Mwaka 2022 jimbo likautangaza kuwa mchezo wake rasmi.

Hatua ya 1: Vifaa. Kibao cha kuazima kinatosha kwa mwezi mzima, usikimbilie cha bei kubwa. Mpira wa nje una matundu mengi madogo, wa ukumbini una machache makubwa. Pesa yako iweke kwenye viatu. Viatu vya kukimbilia vimetengenezwa kwenda mbele, na huku unakwenda kulia na kushoto muda wote. Kifundo cha mguu kitapinda. Tafuta viatu vya tenisi.

Hatua ya 2: Kuanzisha. Simama nyuma ya mstari wa mwisho, upige mpira kwa mkono unaotoka chini kwenda juu, chini ya kiuno, uvuke kwa mshazari hadi kisanduku cha mpinzani aliye upande wa pili. Una nafasi moja tu. Ukiona mkono unatetemeka, uachie mpira udondoke wenyewe, udunde, ndipo uupige, sheria inaruhusu.

Hatua ya 3: Midundo miwili. Anayepokea lazima auache mpira udunde. Ukirudi kwa walioanzisha, nao lazima wauache udunde. Baada ya hapo mnaweza kuupiga hewani, yaani kabla haujadunda. Ndiyo maana walioanzisha hubaki nyuma kwanza, na mwenzake mpokeaji husimama mbele tayari.

Hatua ya 4: Jikoni. Hapa ndipo penye mchezo wenyewe, kwa hiyo nawaomba subira. Kila upande wa wavu kuna eneo la mita 2.13 kutoka wavuni ambalo wachezaji wanaliita jiko. Ukiwa ndani yake, au umegusa mstari wake, huruhusiwi kuupiga mpira hewani. Kuingia si kosa. Mpira ukidunda humo, ingia uupige, kisha utoke.

Sheria hii ina makali. Mwaka wangu wa kwanza, tukiwa tumebakiza pointi moja, niliupiga mpira hewani nikiwa nje kabisa, wapinzani wakashindwa kuurudisha. Lakini mwili ulinivuta mbele, ncha ya kiatu ikagusa mstari. Mpira ulikuwa umeshakufa, na bado likawa kosa langu. Kasi inayotokana na pigo ni sehemu ya pigo.

Sasa fikiria faida yake. Mpira unaodondoka taratibu jikoni kwa mpinzani hawezi kuuvamia hewani. Anaungoja udunde, na ukishadunda uko chini ya ukingo wa wavu. Hana budi kuunyanyua, na akiunyanyua juu mno, umempata. Pigo hilo laini linaitwa dinki, na mzee mwenye dinki nzuri huwashinda vijana wenye misuli.

Mazoezi yake: simameni wawili mkitazamana, kila mmoja nyuma kidogo ya mstari wa jiko. Kunja magoti. Shika mpini kwa ulegevu, kama unayeshika yai. Kifundo cha mkono kitulie, bega ndilo lisukume. Mpira upite juu kidogo ya wavu na udondokee miguuni pa mwenzako. Hesabuni kwa sauti mpaka ishirini bila kukosa. Nikipata nusu saa na mgeni, dakika ishirini tunazimalizia hapo.

Hatua ya 5: Hesabu. Gemu ni pointi 11, na mshinde kwa tofauti ya mbili. Anayeanzisha ndiye pekee anayeweza kupata pointi. Mkicheza wawili wawili mnataja namba tatu: pointi zetu, pointi zenu, na kama mimi ni mwanzishaji wa kwanza au wa pili. Gemu hufunguliwa kwa "sifuri, sifuri, mbili", kwa sababu upande wa kwanza hupewa mwanzishaji mmoja tu, naye huhesabiwa kuwa wa pili.

MASWALI YA WANACHAMA

*Mpira wa kuanzisha ukigusa wavu kisha ukavuka, tunarudia?*

Hapana, ndugu yangu. Ukiangukia kisanduku sahihi, mchezo unaendelea. Ukiangukia jikoni au juu ya mstari wa jiko, ni kosa.

*Nina miaka 63 na goti moja linasumbua. Nitaweza?*

Shikamoo mama. Utaweza, ila muulize kwanza daktari wako kuhusu hilo goti. Cheza wawili wawili, eneo la kukimbia linapungua. Na nakusihi jambo moja: mpira ukipita juu ya kichwa, usirudi kinyumenyume. Wengi huanguka hivyo wakavunjika mkono. Geuka, ukimbie ukitazama unakokwenda, au mwachie mwenzako. Ukiukosa, ni pointi moja tu.

*Mimi niko Dar. Ukumbi wetu una kiwanja cha mpira wa vinyoya tu. Tufanyeje?*

Kaka, mnacho tayari. Kiwanja cha vinyoya cha wawili wawili ni mita 13.40 kwa 6.10, ndicho kipimo chetu hasa. Mstari wa mbele wa vinyoya uko karibu mita 2 kutoka wavuni. Ongezeni utepe wa karatasi kwenye mita 2.13 muupate mstari wa jiko. Kisha shusheni wavu: sentimita 91 pembeni, 86 katikati. Ukilegea katikati, funga kamba kutoka ukingo wa juu hadi kwenye kitu kizito sakafuni, na upime tena kabla ya kila gemu.