Jinsi ya Kuomba Kibali cha Maadili kwa Utafiti wa Mwanafunzi

Mwanafunzi wa sayansi ambaye utafiti wake unahusisha watu, iwe kwa kuwatoa damu, kuwapima au kuwahoji, hana budi kupata kibali cha kamati ya maadili kabla ya kumfikia mshiriki wa kwanza. Kibali hakirudi nyuma, hivyo data iliyokusanywa mapema, hata iwe nzuri namna gani, haihalalishwi baadaye.

Andiko la utafiti, wasifu na sahihi ya msimamizi ni mambo ya kawaida, ila sahihi itafutwe mapema, kwa maana wasimamizi huandamwa na safari pindi tarehe ya mwisho inapokaribia.

Kazi yenyewe imo katika fomu ya ridhaa. Tamko la Helsinki la mwaka 1964, yaani mwongozo wa kimataifa wa maadili ya utafiti wa kitabibu unaohusisha watu, ambalo limerekebishwa mara kadhaa, linataka mshiriki aelezwe lengo la utafiti, madhara yanayoweza kumpata na haki yake ya kujitoa wakati wowote. Maelezo hayo yaandikwe kwa lugha anayoizungumza mwenyewe, si ya maabara.

Kilichonigharimu mimi kilikuwa kidogo zaidi. Msimamizi alinishauri nipunguze damu kutoka mililita 10 hadi 5. Nikasahihisha andiko, nikaisahau fomu ya ridhaa pamoja na tafsiri yake. Barua ya kamati ilikuja na swali moja tu: ni kiasi gani hasa kitakachotoka katika mkono wa mshiriki? Sikuwa na la kujitetea. Kwa kuwa kikao hufanyika mara moja kwa mwezi, na majibu yangu yalifika siku mbili baada ya ajenda kufungwa, tofauti hiyo ya mililita 5 ilinilia wiki 7.

Kwa hiyo, kabla ya kupakia chochote katika mfumo, chapisha nyaraka zote, zitandaze mezani na ulinganishe jina la utafiti, idadi ya washiriki, kiasi cha sampuli na muda wa kuhifadhi data. Kila waraka uwe na namba ya toleo na tarehe chini ya ukurasa. Ukishatuma, usiondoke bila namba ya ombi, maana ombi lisilo na namba, kwa ofisi hizi, halijawahi kuwapo.

Maoni yakirudi, yajibu moja baada ya jingine katika barua ya pekee, ukitaja ukurasa uliorekebishwa. Kibali kikitoka, angalia tarehe ya kwisha kwake, ambayo mara nyingi ni baada ya mwaka mmoja, na ukumbuke kwamba hata swali moja la nyongeza katika dodoso huombewa idhini ya marekebisho.