Mgonjwa amechanganyikiwa ghafla? Pima umakini kwanza

Kwa mnaoanza zamu wodi ya akili: ndugu wakisema "amerukwa na akili tangu juzi", usikimbilie kuandika saikosisi (ugonjwa wa akili unaomtenga mtu na uhalisia). Ili kupima umakini, yaani uwezo wa kushika akili kwenye jambo moja, mwombe mgonjwa ataje siku za wiki kurudi nyuma: Ijumaa, Alhamisi, Jumatano... (Miezi siipendi sana, wengi huitaja kwa namba, inageuka kuwa kuhesabu tu.) Akipotea njiani, akisahau ulichomwuliza, au akiwa na nafuu asubuhi na kuweweseka usiku, shuku diliriamu, yaani ubongo unaoyumbishwa na ugonjwa wa mwili. Kuona vitu visivyokuwepo nako huelekeza huko zaidi. Mwenye skizofrenia, aina mojawapo ya saikosisi, mara nyingi husikia sauti, huku akijua vizuri yuko wapi na leo ni siku gani.

Basi shika kipimajoto, choma kidole upime sukari na malaria, angalia kama shingo imekakamaa. Kisha mwulize ndugu pembeni, bila kumwaibisha, kuhusu pombe: aliacha lini? Anayetetemeka na kutokwa jasho siku ya pili au ya tatu baada ya kuacha anahitaji diazepamu (dawa ya kutuliza) na thiamini (vitamini B1), si haloperidoli (dawa ya saikosisi) peke yake. Ikiwezekana, fanya hilo la siku za wiki kabla ya sindano ya kumtuliza. Akishalala, umakini haupimiki.