Kujengea chemchemi ya ukingo wa mto bila kuipoteza

Kabla hujanunua hata mfuko mmoja wa simiti, pima maji. Kinga kwa jerikeni ya lita 20, hesabu sekunde kwa simu, rudia mara tatu. Ikijaa kwa sekunde 40, unapata lita 1,800 kwa saa. Pima mwishoni mwa kiangazi, kama Februari. Kipimo cha Mei, masika yakiwa bado ardhini, kitakudanganya.

Halafu hakikisha ni chemchemi kweli. Kando ya mito ya Nairobi, maji safi yanayotoka ukingoni yanaweza kuwa bomba lililopasuka: yakikatika siku za mgao, umepata jibu. Pima joto lake alfajiri na saa nane mchana. La chemchemi halibadiliki sana. La mto hupanda na jua.

Mwamba wa Nairobi ni wa volkano. Ukienda upande wa Kajiado unaweza kukuta chokaa: vunja kipande, kidondoshee ndimu. Kikitoa mapovu, ni chokaa, na hapo uwe macho, kwa sababu maji hupita kwenye mianya bila kuchujwa. Yakichafuka saa chache baada ya mvua, uchafu wa juu unaingia moja kwa moja, hata kama choo cha shimo kiko mbali.

Tafuta pia alama ya mafuriko, yale matambara na karatasi za nailoni zilizonasa vichakani. Ikiwa juu ya jicho la maji, yaani pale yanapotokea ardhini, mto utaingia humo. Acha.

Mahali pakifaa, chukua kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji, kisha chimba ukilifuata jicho hadi maji yatoke kwenye mwamba safi. Usigonge mwamba kwa mtaimbo. Ufa mmoja unaweza kuyameza. Jenga ukuta mbele, bomba la inchi 2 likiwa chini kidogo ya jicho na jingine la kufurika, yote wazi tangu siku ya kwanza. Hapa ndipo mafundi huharibu: huziba ili maji yapande yafike kwenye tangi. Yakizidi kimo cha jicho hutafuta njia nyingine, na kuyarudisha ni bahati.

Nyuma ya ukuta jaza mawe yaliyooshwa, kokoto, nailoni nzito, kisha udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa. Chimba mtaro wa mvua mita 8 hivi kutoka kwenye jicho, upande wa juu, kisha izungushie chemchemi ua.

Peleka sampuli maabara wapime vijidudu na floridi, madini ambayo yakizidi huharibu meno. Vijidudu vitakufa ukichemsha, floridi haitoki.