Somo: Kupima mabaki ya OTC kwenye nyama kwa sensa ya stripu

Wadau wa Tabora na kwingineko, kama umewahi kuona kipimo cha sukari cha kutoboa kidole, umeshaona ndugu ya sensa hii: stripu yenye elektrodi tatu na mashine ya kusoma mkondo wa umeme. Yetu imepakwa polima yenye vitundu vya umbo la oksitetrasaiklini, ile antibiotiki ya mifugo, OTC ya sindano. Dawa ikinasa humo, mkondo wa ferisianidi, kemikali tunayoitia ili ipitishe umeme kwenye elektrodi, hushuka.

Tatizo, protini za nyama nazo hung'ang'ania elektrodi na kuushusha. Mara ya kwanza nilikamua maji ya steki nikadondoshea hivyohivyo. Mkondo ulianguka, nikaona mji mzima tunakula sindano! Nikarudia kwa nyama ya beberu wa nyumbani, hajawahi kuchomwa chochote. Ukaanguka vilevile.

Hatua ya 1. Saga nyama isiyo na mafuta, pima gramu 2, tia mililita 20 za bafa (maji ya kutuliza uchachu) ya sitreti na fosfeti yenye EDTA, kemikali inayokamata kalsiamu, pH 4. EDTA usiiruke: OTC hushikana na kalsiamu, itakubakia kwenye mashapo. Tikisa, zungusha kwenye sentrifuji, chuja.

Hatua ya 2. Hii ndiyo kazi yenyewe. Chukua nyama ya mnyama unayemjua historia yake, igawe mafungu manne: moja liache, mengine yatie OTC ya mikrogramu 100, 200 na 400 kwa kilo. Yapitishe yote hatua ya 1. Mchoro wako wa kulinganishia, yaani grafu ya mkondo dhidi ya kiasi cha OTC, utoke hapa, kamwe usitoke kwenye maji matupu. Kikomo cha Codex, viwango vya kimataifa vya chakula, kwa nyama ya ng'ombe ni mikrogramu 200 kwa kilo. Kwenye bafa kinakuwa nanogramu 20 tu kwa mililita, kwa hiyo pipeti chafu inatosha kukudanganya.

Hatua ya 3. Dondoshea, subiri muda uleule kwa kila stripu, suuza, soma.

MASWALI

— Mkuu, figo na maini vipi?
Vikomo vyake ni 1200 na 600. Andaa mchoro mwingine kwa figo safi, mwingine kwa maini. Wa steki hautafaa.

— Mimi mfugaji, Igunga. Ng'ombe nimemchoma ya asilimia 20, nichinje lini?
Soma lebo, ndugu yangu. Nyingi za asilimia 20 husema siku 28, ila hutofautiana. Usihesabu kwa ile ya asilimia 10.

— Si tukichemsha sana inaisha?
Hupungua, haiishi yote, na nyingine inahamia kwenye mchuzi. Na mchuzi unaunywa.

— Ikizidi kikomo, namkamata mwenye bucha?
Hapana! Sensa inatenga tu nyama ya kutiliwa shaka, haithibitishi. Sampuli iende maabara yenye LC-MS, mashine inayotambua dawa yenyewe kwa uzito wa molekuli zake, na nusu ya nyama uwe umeigandisha tangu mwanzo. Mimi niliwahi kuimaliza yote kwenye kusaga.